Jumla ya Vitanda Viwili

Mwezi uliopita mama mmoja mnene alisimama mbele ya duka langu la nafaka pale Nyakahura, akaitazama mizani yangu ya magunia, akavua ndala, akapanda juu yake bila kuomba ruhusa. Mizani ile hupima maharage. Niliinua kichwa nimwambie kwamba hapa hatuuzi watu, nikakuta ananitazama kwa jicho la mtu anayenidai salamu. "Soma," akasema. Nikasoma: themanini na nne. "Soma tena, Mizani. Wewe husomagi mara moja." Jina hilo la Mizani niliitwa mwaka mmoja tu maishani, katika wodi moja tu, na walioniita hivyo nilidhani ama wamekufa ama wamenisahau. Nikasoma tena. Themanini na nne ileile. "Spesioza?" nikauliza. "Nani mwingine?" akajibu, bado yuko juu ya mizani kama mgombea aliyepanda jukwaani. "Thelathini na nane nukta mbili. Umesahau?" Sikuwa nimesahau. Nimesahau mengi, pamoja na tarehe ya ndoa yangu, lakini ile nukta mbili sikuisahau.

Mwaka ule ulianza kwa ugomvi wa karanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nauza karanga na maharage kando ya barabara hii hii, na asubuhi moja akaja mwanamke mrefu mwenye miwani, Daktari Leticia, mtafiti wa lishe katika hospitali moja ya Biharamulo. Alitaka karanga za kulisha wagonjwa wa kifua kikuu kwa miezi kadhaa, na alitaka zipimwe kwa mizani yake ya betri, aliyoibeba ndani ya boksi lenye sifongo kama amebeba mayai. Nikamwambia sawa, ila mizani yako inadanganya. Akacheka. Nikachukua jiwe langu la kilo moja, nikaliweka juu: gramu mia tisa na sitini. Akaacha kucheka. "Ubao wa meza yangu umepinda, daktari," nikamwambia, "mguu mmoja unaning'inia." Tukasawazisha kwa kipande cha boksi la sabuni, ikasoma kilo kamili, nikaondoa jiwe, nikaliweka tena, ikasoma kilo kamili. Niseme ukweli wangu mapema: sikuwahi kumwibia mteja kwenye mizani, ila nilizijua njia zote saba za kumwibia, na ya nane niliigundua mwenyewe. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Kidato cha nne, nikasema, hesabu vizuri, Kiingereza tusikiongelee. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya koti jeupe lililonizidi mabega, nina kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandika na moja ya kuandikia mara ya pili.

Daktari Leticia alinieleza utafiti wake tukiwa tumesimama kwenye stoo ya zamani ya ndoo na mifagio, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yetu. Dirisha lilikuwa dogo kama bahasha. "Dawa inaua vijidudu," akasema, "sawa. Lakini mwili uliobomoka nani anaujenga? Watu wanaokonda na kifua kikuu, wakila vizuri zaidi, watapona haraka zaidi? Kila mtu anasema ndiyo. Nani amepima?" Alisema hilo neno *amepima* kwa njaa fulani, na mimi nikaambukizwa papo hapo, ugonjwa ambao sijapona mpaka leo. Mgonjwa aliyekubali kushiriki alichagua bahasha iliyofungwa. Ukitoa ya kundi la kwanza, unakula chakula cha kawaida cha hospitali. Ukitoa ya kundi la pili, unakula chakula kilekile, kisha unaongezewa uji mzito wa karanga asubuhi na kikombe kikubwa cha maziwa saa kumi jioni. Jumatatu na Alhamisi, kabla ya kutia kitu kinywani, wote wanapanda mizani. Kazi yangu ilikuwa kupima kinachoingia, kupima kinachorudi, na kupima mtu. Nilivipima vyote mara mbili. Daktari hakuniagiza hivyo. Ni tabia, kama kukuna kichwa.

Jikoni alitawala Mzee Filbert wa Ntobeye, Mhangaza mwembamba ambaye moshi wa kuni ulikuwa umemkausha kama samaki. Masufuria yake matatu yalikuwa meusi nje na meupe ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko wake. Siku ya kwanza nilimwomba amwage upawa wa uji kwenye bakuli langu nilipime. "Binti, mimi nimelisha watu hapa kabla hujazaliwa. Hakuna aliyekufa kwa kukosa gramu." "Shikamoo, mzee. Pakua tena." "Marahaba. Nimeshapakua." "Pakua tena, mzee, ule wa kwanza ulikuwa na ukarimu." Akanitazama, akapakua, akasema kwa sauti ya kuwasikilizisha waliokuwa wakimenya ndizi, "Huyu akiolewa, mume atapimiwa mpaka usingizi." Walicheka hadi visu vikawaponyoka. Tukawa marafiki tangu siku hiyo. Jambo moja tu hakulijadili na mtu: Jumapili alikwenda misa ya kwanza, kwa hiyo Jumapili uji wa karanga haukupikwa. Daktari aliwahi kujaribu kumshawishi. Alirudi ofisini akaandika kwenye taratibu zake kwa wino mwekundu: Jumapili, kundi la pili maziwa tu.

Na ile wodi ya wanawake! Vitanda vinane, madirisha wazi mchana kutwa kwa sababu ya kifua, mapazia yanapepea juu ya vichwa vya watu, na kikohozi kinapokezana kutoka kona hadi kona. Kitanda cha tano alilala Spesioza wa Bisibo, miaka ishirini na mitatu, kundi la pili. Alikuwa amemwacha mtoto wa miezi kumi kwa dada yake. Mwanamke mpole, mifupa mitupu, akipanda mizani ya watu, ile sindano ya kuonyesha kilo ilikuwa kama haijamwona. Kitanda cha sita alilala Mama Zabroni, mkulima wa Kisubi, kundi la kwanza, mdomo haulali. "Unatupima kama mbuzi wa mnadani," aliniambia Jumatatu ya kwanza, "angalau mbuzi hupangiwa tarehe ya kuchinjwa." Huyo ndiye aliyeanza kuniita Mizani. Nje, kwenye veranda, alishinda Bibi Konsolata, mama mkwe wa Spesioza, ambaye watu wake walikuja zamani kutoka Rwanda na ng'ombe wao, na sasa walibakiwa na ng'ombe mmoja, jike jekundu aitwaye Gaju. Bibi alifua, alikausha vyombo juani, alisali rozari, na alimtaja Gaju mara nyingi kuliko alivyowataja wanawe. Maziwa ya Gaju ndiyo yaliyokuwa yakimlea yule mtoto aliyeachwa Bisibo.

Wiki za mwanzo nilikuwa sitembei, nakimbia. Daktari alibandika karatasi kubwa ya miraba ukutani, na kila Alhamisi tulichora mistari ya uzito, bluu kwa kundi la kwanza, nyekundu kwa la pili, na mimi nilikuwa nikiitazama ile mistari ikipanda kama mtu anayetazama mpira. Kisha, wiki ya nne, mistari ikafanya vituko. Nyekundu za Spesioza na wenzake wawili zilikuwa zimelala chali. Spesioza alikuwa ameingia na thelathini na nane nukta mbili. Mwezi mzima wa uji na maziwa umempa gramu mia mbili, uzito wa kanga yake ikilowa. Na Mama Zabroni, asiyepewa chochote cha ziada, alikuwa ameongeza kilo tatu na nukta moja, mashavu yanang'aa, ameanza kulalamika kwamba blauzi inambana. Daktari Leticia alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana. "Labda chakula hakisaidii," akasema polepole. "Labda ndivyo ilivyo. Utafiti ni kukubali ukweli usioupenda." Mimi nikasema pengine nimekosea kupima. Akanitazama. "Wewe? Mara zote mbili?"

Lakini lililokuwa limetukalia shingoni halikuwa karatasi. Daktari mkuu wa hospitali alikuwa amepita wodini, akasoma faili la Spesioza, akasema mbele yake kama watu wanavyosema mbele ya kabati: dawa haimjengi huyu, huenda ni kifua kikuu sugu, asipofika kilo arobaini ifikapo wiki ya nane gari limpeleke hospitali kubwa. Huko watu walikaa miezi mingi, na Bisibo hawakuwa wamemwona aliyerudi. Daktari mkuu alipotoka, Spesioza alinishika mkono wa koti. "Mdogo wangu, ile mizani haiwezi kuniongezea kidogo?" Nilizijua njia saba, na ya nane. Nilimwambia hapana, na nikaenda kukaa stoo nikiwa nimechukia kila kitu chenye sindano.

Sokoni kuna sheria moja: gunia lako likipungua, usiangalie panya, angalia gunia la jirani. Nilikuwa nimekaa pale stoo na daftari langu, nikafanya jambo la kipuuzi. Nilichukua kilo ambazo Spesioza alitakiwa aongeze kwa hesabu ya Daktari, nikachukua kilo ambazo Mama Zabroni alitakiwa aongeze, nikajumlisha. Kisha nikajumlisha kilo walizoongeza kweli, wote wawili. Zilikuwa karibu sawa. Nikajumlisha tena. Karibu sawa. Kitanda cha tano na cha sita, ukivihesabu kama mtu mmoja, utafiti wetu ulikuwa unakwenda vizuri kabisa! Niliruka mpaka nikajigonga kwenye rafu ya mifagio. Halafu nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kila wiki bila kulisikia: Jumapili Mama Zabroni huwa na hasira. Kila Jumapili jioni hulalamika kwamba hospitali hii ni bahili. Siku ambayo uji haupikwi.

Kesho yake saa kumi nilipeleka maziwa kama kawaida, nikatoka, nikazunguka nyuma, nikasimama kwenye dirisha lililo wazi. Bibi Konsolata alisimama mlangoni ameitandaza kanga kama anaikausha, mlango mzima umezibwa. Spesioza akainua kikombe, akakipeleka kitanda cha sita kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayempa mgeni. Mama Zabroni akakinywa kwa pumzi moja. "Mungu akulipe," akasema, "kesho kiwe cha moto kidogo." Kikombe kikarudi kitanda cha tano kitupu, kisafi, tayari kwa mizani yangu. Mwezi mzima nilipima vikombe kwa uangalifu ambao ungemridhisha askofu. Sikupima midomo.

Nilimfuata Bibi kwenye veranda, nikapiga goti. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umeona." Halikuwa swali. "Nimeona. Kwa nini, bibi? Anakonda, na maziwa yapo." Alitazama ndani, akashusha sauti. "Asubuhi mnampa karanga. Jioni mnampa maziwa. Siku moja, tumbo moja. Kwetu aliyekula karanga hanywi maziwa siku hiyo, kiwele cha ng'ombe kinakauka. Gaju akikauka, mtoto atanyonya nini? Mimi?" Nikamuuliza kwa nini hawakusema tangu mwanzo. "Tuseme kwa nani? Nesi alitusikia tunanong'ona, akasema huo ni ushamba. Na kukataa kikombe cha mtu ni tusi. Basi tukampa jirani, isipokuwa Jumapili, siku isiyo na karanga. Maziwa hayakumwagwa hata tone." Akalisema hilo la mwisho kwa fahari, na kusema kweli nami nilimwonea fahari. Mwizi angalau hujinufaisha. Hawa walikuwa wamejinyima.

Sasa nilikuwa na ukweli ambao ungemwokoa Daktari na pengine ungewafukuza wagonjwa wa vitanda viwili. Nilikaa nao siku moja. Kisha nikaamua kufanya ninachokijua, yaani kupatana. Nilirudi kwa Bibi nikakaa chini kabisa, mgongo ukutani, kama mtu mwenye muda. "Bibi, karanga na maziwa vikiachana muda gani, Gaju hatadhurika?" "Siku tatu," akasema bila kufikiri. "Bibi! Siku tatu ni bei ya mgeni. Mimi ni wa hapa." Akanikazia macho. "Mbili." "Nusu siku." "Nusu siku! Unataka kuniua ng'ombe?" "Basi usiku mmoja. Ale karanga leo, alale, kesho maziwa matupu, alale." Bibi alizungusha rozari vidoleni. Nilijua ameshakubali, ila mtu haruhusiwi kukubali haraka, hata mbele ya Mungu. "Usiku mmoja," akasema hatimaye, "lakini siku ya maziwa, asiguse karanga hata moja. Na vikombe visiwe vilevile." "Vikombe vipya. Viwili." "Na yule wa kitanda cha sita asiambiwe kwamba mimi ndiye niliyesema." Tukashikana mikono. Nimeshapatana bei ya magunia, mashamba na mahari ya watu, lakini sijawahi kutoka kwenye mapatano nikiwa nimeshinda namna ile.

Daktari Leticia alinisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Nilidhani atakasirika. Alikwenda kwenye ile karatasi ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa Spesioza, kingine kwenye wa Mama Zabroni, akaanza kucheka hadi machozi. "Wamekunywa utafiti wangu!" Kisha akanieleza kwamba hawezi kubadilisha utaratibu kwa kundi zima bila kibali cha kamati ya maadili, na barua itachukua wiki kadhaa. Spesioza hana wiki za kusubiri. "Nikimtoa kwenye utafiti, ninaweza kumlisha atakavyo kuanzia leo. Lakini nina wagonjwa wachache, Adventina. Kila mmoja nikimtoa, matokeo yangu yanalegea." Akachukua rula, akapiga mstari kwenye majina mawili, Spesioza na Mama Zabroni. "Mgonjwa kwanza," akasema, "jedwali litasubiri. Nenda kamwambie Filbert leo ni uji mara mbili, kesho maziwa mara mbili." Nilikimbia hadi jikoni. Mzee Filbert alisikiliza akatikisa kichwa. "Karanga na maziwa siku moja, hata mimi nilishangaa," akasema. "Jirani zetu wafugaji Ntobeye hawafanyi hivyo." "Mzee! Mbona hukusema?" "Uliniuliza gramu. Hukuniuliza kitu kingine."

Wiki ya sita, thelathini na tisa kasoro nukta moja. Wiki ya saba, thelathini na tisa na nusu. Mama Zabroni, ambaye sasa alipewa kikombe chake halali ili asijione ameonewa, aligeuka kuwa shabiki. "Kula, we mwanamke! Tafuna! Gari lile lina matairi mabovu, hulitaki!" Wiki ya nane, Jumatatu, wodi nzima iliamka mapema. Daktari mkuu alikuja na faili. Nilisawazisha mizani, nikaweka jiwe langu la kilo moja wote waone, nikaliondoa. Spesioza akapanda, amefumba macho. Arobaini nukta moja. "Teremka," nikasema, "panda tena." Daktari mkuu akasema mara moja inatosha. Mama Zabroni akamjibu kutoka kitandani, "Huyu hatambui mara moja, daktari, mwache." Spesioza akapanda tena. Arobaini nukta moja. Wodi ililipuka, kikohozi na vigelegele pamoja, na Bibi Konsolata pale mlangoni akauliza jambo moja tu, kwa mtu aliyekuwa ametoka Bisibo asubuhi ile: "Gaju?" "Anakamuliwa, mama. Ndoo imejaa."

Kibali kilikuja baadaye, na wale wengine wawili wenye mistari iliyolala walipoulizwa vizuri, walisema yaleyale. Daktari Leticia aliongeza swali jipya kwenye dodoso lake, la kumi na nne: *Kwenu kuna vyakula gani havikutani siku moja?* Utafiti wake ulipokwisha, wakubwa walikuja na maswali mengi kuhusu takwimu, nami nilikaa nyuma kabisa nimevaa koti langu, nikisubiri mtu aguse namba kumi na nne. Hakuna aliyeigusa. Sikujali. Mwaka ule niliingia nikidhani kupima ni kusoma sindano. Nilitoka nikijua sindano husema ukweli wa kitu kilicho juu yake tu, na kwamba njia kutoka kikombe hadi mdomoni inaweza kupita Bisibo, ikazunguka kiwele cha ng'ombe, ikaishia kitanda cha jirani.

Spesioza aliteremka kwenye mizani yangu ya magunia akavaa ndala, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Siku hizi kliniki imemwambia ana sukari na presha, apunguze uzito, hebu fikiria, yule yule. "Mwaka ule mlinitaka ninenepe," akasema, "nikatii. Nimetii mpaka nimepitiliza." Karatasi ilikuwa ya nesi: kila siku mboga nyingi, ugali kidogo, na saa nne karanga kiganja kimoja na maziwa yasiyo na mafuta kikombe kimoja. Nilisoma mstari huo. Nikausoma tena. Tukatazamana, tukacheka hadi mteja wa mchele akaenda zake. "Mama mkwe hayupo tena," akasema akifuta macho, "lakini ng'ombe nina watatu. Wote ni wa uzao wa Gaju." Nikachukua kalamu, nyuma ya karatasi nikamchorea wiki, siku ya karanga, siku ya maziwa, siku ya karanga, nikamwambia ampelekee nesi akague na asione aibu kumweleza kwa nini. Alikuwa amekuja na galoni dogo la maziwa, zawadi yangu, tukamimina vikombe viwili, tukanywa tumesimama. Mimi kwa mazoea nikamchotea karanga kiganja kimoja, nilichokipima kwa macho na kwa mizani. Alizitazama, akazipokea kwa mikono miwili, akafungua pindo la kitenge chake, akazifunga humo fundo gumu.

"Hizi," akasema, "za kesho."